Humza Yousaf alipitia njia gani mpaka kuwa waziri Uskoti, na ni kweli mama yake alizaliwa Kenya?

Marahaba mdogo wangu. Nalirudia swali lako kwa kifupi ili na wengine wajue tunajibu nini: uko mwaka wa pili unasoma sayansi ya siasa, umeona Humza Yousaf aliingia serikali ya Uskoti akiwa na miaka 27 na akafika 37 akawa Waziri Kiongozi, sasa unataka kujua alisomea nini, alianzia wapi, nani alimshika mkono, na kama ni kweli mama yake ni wa Kenya. Ukamalizia kwa kuuliza kama mtu asiye na hela na asiye na digrii ya sheria anaweza kupita njia kama ile.

Nitakujibu kwa kirefu kidogo kwa sababu habari nyingi zake zinaanzia siku alivyoapishwa Machi 2023, zinaruka ile miaka ya nyuma ambayo alikuwa anajibu barua za wananchi kwenye ofisi ya mbunge mwingine, na kwangu mimi ile miaka ndo jibu la swali lako.

Tuanze na la Kenya maana naona limekukalia kichwani. Ndiyo ni kweli, mama yake Shaaista Bhutta alizaliwa Kenya kwenye familia ya Kipunjabi. Wapunjabi Kenya sio watu wa jana, walianza kufika kwa wingi wakati wa ujenzi wa reli ya kutoka Mombasa kwenda bara, 1896 mpaka 1901, na baada ya hapo wakaendelea kuja mafundi, makarani na wafanyabiashara. Familia ya mama yake haikubaki, Humza ameshaeleza kwamba walishambuliwa na watu waliokuwa wanawaona Waasia kama wanachukua kazi za wenyeji, mwisho wakahamia Uskoti. Kwa hiyo ukisema ana uhusiano na Kenya uko sahihi kabisa, ila ukoo wake pande zote mbili ni wa Punjab. Baba yake, Muzaffar Yousaf, alizaliwa Mian Channu kule Pakistan, akaletwa Glasgow na wazazi wake miaka ya 1960, akasoma akawa mhasibu.

Na hapa nikuongezee kitu ambacho watu wengi wa kwetu hawakukiona wakati ule. Kipindi Yousaf anaongoza serikali ya Uskoti, Waziri Mkuu wa Uingereza nzima alikuwa Rishi Sunak, ambaye baba yake alizaliwa Kenya na mama yake Tanganyika. Yani viongozi wawili wakubwa kwenye kisiwa kimoja, vyama viwili visivyopatana kabisa, na wote wawili wazazi wao walipita Afrika Mashariki. Ukitaka kuelewa kwa nini, soma historia ya Waasia wa Kenya na wimbi kubwa la kuondoka la 1967 na 1968, wakati serikali ya Kenya ilipobana leseni za biashara na vibali vya kazi kwa wasio raia, na Uingereza nayo Machi 1968 ikapitisha haraka haraka sheria ya kuwazuia watu wenye pasi zake yenyewe wasiingie. Ile historia bado haijafundishwa vya kutosha, si huku wala huko.

Babu zake walikuwa wafanyakazi wa kawaida. Usiku alioshinda uongozi wa chama aliwataja kwa majina hadharani: Muhammad Yousaf aliyefanya kazi kiwanda cha cherehani cha Singer pale Clydebank, na Rehmat Ali Bhutta aliyekuwa anagonga tiketi kwenye mabasi ya jiji la Glasgow. Walifika wakiwa Kiingereza chenyewe hawakijui vizuri.

Lakini usichukue hapo ukaondoka na hadithi ya mtoto maskini aliyepanda mpaka juu, maana haitakuwa kweli. Humza alizaliwa Glasgow tarehe 7 Aprili 1985, nyumba ya mhasibu, na sekondari alisoma Hutchesons' Grammar, shule ya binafsi ya kulipia, mojawapo ya zenye jina pale mjini. Kwa hiyo kizazi cha kwanza kiwandani na kwenye mabasi, cha pili ofisini, cha tatu shule ya ada. Kwenye hiyo shule hiyohiyo alipita pia Anas Sarwar, ambaye 2021 akawa kiongozi wa chama cha Labour Uskoti. Nitamrudia Sarwar baadaye kwa sababu ukiwaweka wawili hao pamoja unaelewa vitu vingi.

Alisomea nini? Siasa, Chuo Kikuu cha Glasgow, akamaliza 2007. Sio sheria, sio uchumi. Shule za Uskoti zina somo la kusoma mambo ya kijamii na kisiasa ya wakati huu tulionao na amesema mara nyingi kwamba somo hilo ndo lilimwasha. Kingine kilichomwasha ni Septemba 11, 2001. Alikuwa na miaka 16, na amesimulia jinsi wanafunzi wenzake ambao jana yake walikuwa marafiki tu wa kawaida walianza kumuuliza Waislamu wana nini na Marekani, kana kwamba yeye ndo msemaji. Baada ya hapo ikaja vita ya Iraq 2003. Chuoni aliongoza jumuiya ya wanafunzi Waislamu, akaingia kwenye serikali ya wanafunzi, akajitolea kwenye mambo ya misaada na redio ya jamii. Glasgow ni chuo ambacho kimezalisha wanasiasa wengi sana, Donald Dewar alitoka pale, John Smith alitoka pale, Charles Kennedy, Nicola Sturgeon, kwa hiyo mwanafunzi mwenye njaa ya siasa akifika pale anakuta jukwaa tayari.

Sasa 2005 akajiunga na SNP, chama kinachotaka Uskoti iwe nchi huru, na hapa nataka utulie kidogo maana huu uamuzi watu wanauona mdogo. Mwaka ule SNP walikuwa wapinzani. Uchaguzi wa Bunge la Uskoti wa 2003 walikuwa wamepata viti 27 tu kati ya 129, na Glasgow ilikuwa ngome ya Labour kiasi kwamba watu walikuwa hawahesabu kura wanapima uzito. Jamii ya Wapakistani pale mjini nayo kwa kiasi kikubwa ilikuwa Labour, mbunge wa kwanza Mwislamu kwenye Bunge la Uingereza, Mohammad Sarwar, alichaguliwa Glasgow 1997 kwa tiketi ya Labour. Kijana wa Kipakistani aliyetaka njia ya mkato ya kupata cheo angeenda Labour bila kufikiri mara mbili. Humza alikwenda kwenye chama kilichopinga vita ya Iraq wazi wazi, na miaka miwili tu baadaye, 2007, chama hicho kikashinda viti 47 dhidi ya 46 vya Labour kikaunda serikali ya wachache, yani isiyo na wingi wa viti bungeni, chini ya Alex Salmond. Hakuna aliyekuwa anajua kwamba itakuwa hivyo. Ila aliyekuwa ndani tayari ndo aliyefaidika, na chama kidogo kikikua ghafla kinakuwa na nafasi nyingi kuliko watu wa kuzijaza.

Nani alimshika mkono? Bashir Ahmad. Huyu mzee ningependa umjue vizuri. Alizaliwa Amritsar, India, kabla ya mgawanyo, akakulia Pakistan, akafika Glasgow 1961 akiwa kijana wa miaka 21, akafanya kazi kwenye mabasi, baadaye akafungua maduka na mgahawa. Mwaka 1995 alianzisha kikundi cha Waasia wa Uskoti wanaounga mkono uhuru, wakati ambapo wazo lenyewe la Mwasia kuwa mzalendo wa Kiskoti lilikuwa linawashangaza watu wa pande zote. Akawa diwani 2003, na 2007 akawa mtu wa kwanza Mwislamu na wa kwanza asiye mzungu kuingia Bunge la Uskoti. Msimamo wake uliokuwa unarudiwa sana ni kwamba mtu alikotoka si hoja, hoja ni wanakokwenda pamoja kama taifa.

Humza alikuwa amemaliza chuo, amefanya kazi kidogo kitengo cha huduma kwa wateja cha kampuni ya simu ya O2, kupokea simu za watu wenye hasira kuhusu bili, halafu Bashir Ahmad akamchukua kuwa msaidizi wake bungeni. Kazi ya msaidizi wa mbunge kule ukiisikia kwa mbali unaona ya heshima ila kwa ndani ni barua. Mwananchi kanyimwa nyumba ya halmashauri, mwingine paa linavuja, mwingine mke wake kanyimwa viza, mwingine shule ya mtoto inafungwa, na kila mmoja lazima umjibu, umtafute ofisa anayehusika, ufuatilie, umrudie mwananchi. Katikati ya hayo unaandika hotuba, unaandaa maswali ya bungeni, unaenda kwenye mikutano ya misikiti na makanisa na vilabu vya wazee. Ukikaa miaka miwili pale unaijua serikali kutokea chini, unajua idara gani inajibu haraka na ipi inazungusha watu. Sio kitu unachosoma chuoni, wala mtu aliyeingia bungeni moja kwa moja kutoka kwenye biashara hakijui.

Februari 2009 Bashir Ahmad akafariki ghafla. Kiti chake kikaenda kwa mtu aliyefuata kwenye orodha ya chama, Anne McLaughlin, na Humza akaendelea kufanya kazi ofisini kwake, halafu akafanya kazi kwa Nicola Sturgeon, akafanya kazi kwa Alex Salmond mwenyewe, na akapita makao makuu ya chama upande wa mawasiliano. Hebu hesabu: kabla hajafika miaka 26 kijana alishafanya kazi na watu wawili walioiongoza serikali ya Uskoti mfululizo kuanzia 2007 mpaka 2023. Salmond ndo aliyemteua kuwa naibu waziri, Sturgeon ndo aliyempandisha kuwa waziri kamili. Walikuwa wanamjua kazi yake, sio CV yake.

Mlango wa bungeni aliupitia vipi? Bunge la Uskoti lina wabunge 129, 73 wa majimbo na 56 wa kanda. Kanda ziko 8 na kila moja ina viti 7, na hivi viti vya kanda vinagawanywa kwa kura za chama ili chama kilichopata kura nyingi majimboni kisimeze kila kitu. Chama kinapanga majina yake kwa mpangilio, wanachama wanapiga kura kuamua nani awe juu nani awe chini. Ukitaka kulinganisha na kwetu unaweza kufikiria viti maalum kwa maana ya kwamba jina lako linategemea orodha ya chama, tofauti ni kwamba kule ni kwa jinsia zote na mwananchi anapewa karatasi ya pili ya kupigia kura orodha. Kwa kijana wa miaka 26 asiye na jimbo lake na asiye na hela za kampeni binafsi, hii ndo njia. Mei 2011 akachaguliwa kanda ya Glasgow, mwaka ambao SNP walipata viti 69, wingi kamili ambao mfumo ule ulitengenezwa ili usitokee kirahisi. Alikuwa mbunge mdogo kuliko wote. Kiapo akala kwa Kiingereza na Kiurdu, na 2016 alipochaguliwa tena, safari hii kwa jimbo la Glasgow Pollok akimshinda Johann Lamont aliyewahi kuongoza Labour Uskoti, akala kiapo kwa Kiurdu amevaa sherwani juu, lile koti refu la Kiasia, na kilti chini, ile sketi ya wanaume wa Kiskoti. Ile picha ilizunguka dunia na mimi naipenda kwa dhati kwa sababu hakuchagua upande mmoja wa nafsi yake.

Kuhusu uteuzi, lazima ujue taratibu maana utaulizwa kwenye mtihani. Waziri Kiongozi anachaguliwa na bunge, anaapa, halafu yeye anachagua mawaziri kutoka miongoni mwa wabunge, bunge linapiga kura kuwakubali, ndo wanateuliwa rasmi kwa idhini ya Mfalme. Wako wa ngazi mbili: mawaziri wa kabineti, na chini yao mawaziri wadogo ambao kwetu tungewaita manaibu. Lazima uwe mbunge, isipokuwa wanasheria wakuu wawili wa serikali. Kwa hiyo kwa hili Uskoti iko karibu na Tanzania, ambako waziri lazima awe mbunge, kuliko Kenya ya baada ya katiba ya 2010 ambako mbunge hawezi kuwa waziri. Maana yake ni kwamba kule huwezi kuokotwa kutoka benki au chuoni ukapewa wizara, kwanza uingie bungeni, na ukiingia unaonekana kila siku unajibu vipi, unatetea vipi serikali ukiwa benchi la nyuma.

Septemba 2012 Salmond akampa unaibu waziri wa mambo ya nje na maendeleo ya kimataifa. Miaka 27, Mwislamu wa kwanza na Mwasia wa kwanza kwenye serikali ya Uskoti. Sasa utauliza Uskoti ina mambo ya nje gani wakati hayo yako London? Ni kweli, mambo ya nje, ulinzi na uhamiaji yamebaki mikononi mwa London kwa sheria ya 1998 iliyoanzisha lile bunge. Ila Uskoti ina mfuko wake mdogo wa maendeleo, wakati ule kama pauni milioni 9 kwa mwaka, na mshirika wake mkuu ni Malawi kwa makubaliano ya 2005, uhusiano unaorudi nyuma mpaka kwa David Livingstone, mtoto wa Blantyre ya Uskoti ambayo Blantyre ya Malawi imepewa jina lake. Zambia, Rwanda na Tanzania nazo zilikuwa kwenye miradi ya kipindi hicho. Mtu wa siasa za ndani angeiona wizara hiyo ndogo, lakini kwa kijana ilikuwa sehemu nzuri ya kujifunzia, bajeti ndogo, makosa madogo, safari nyingi na mikutano na mabalozi, na kura ya maoni ya uhuru ya Septemba 2014 ilikuwa inakuja. Ile kura upande wake ulishindwa, asilimia 44.7 kwa 55.3.

Mei 2016 akapewa usafiri na visiwa. Hapo ndo maisha yakawa magumu maana treni ikichelewa mwananchi hataki kusikia falsafa. Daraja jipya la Queensferry lilifunguliwa 2017 kipindi chake. Lakini mwishoni mwa 2016 polisi walimsimamisha akiendesha gari la rafiki yake bila bima ya kumhusu, mahakama ikampiga faini ya pauni 300 na pointi sita kwenye leseni. Waziri wa usafiri! Alikiri, akalipa, akabaki kazini. Wapinzani wake hawakuliacha hilo mpaka leo.

Juni 2018 Sturgeon akamwingiza kabineti kamili, wizara ya sheria na haki. Kumbuka tena, hana digrii ya sheria. Vitu viwili vya kipindi hicho ndo vya kuangalia. Cha kwanza kimesahaulika na mimi nakiona kikubwa: 2019 waliongeza ile kanuni inayowataka mahakimu wasimfunge mtu kifungo kifupi bila sababu maalum, kutoka miezi mitatu kwenda miezi kumi na miwili, kwa hoja kwamba kifungo cha miezi michache kinamharibia mtu kazi na nyumba na anatoka mbaya kuliko alivyoingia. Cha pili ndo kinachokumbukwa, sheria ya makosa ya chuki, iliyopitishwa Machi 2021 kwa kura 82 dhidi ya 32. Muswada wa mwanzo ulikuwa mpana mno, wanasheria na polisi na waandishi na makanisa wote walipiga kelele kuhusu uhuru wa kusema, ukapunguzwapunguzwa. Ikaanza kutumika tarehe 1 Aprili 2024 na ndani ya wiki moja polisi wakapokea malalamiko zaidi ya 7,000. Maoni yangu ni kwamba lengo lilikuwa sahihi, mtu aliyekulia kwenye yale matusi ya baada ya 2001 alijua anachokilinda, ila sheria ambayo mwananchi wa kawaida haelewi mpaka wake uko wapi inawapa wapinzani silaha.

Mei 2021 akahamishiwa afya. Katikati ya korona, hospitali zimejaa, foleni za upasuaji ndefu kuliko wakati wowote. Alipeleka mpango wa kurudisha huduma, muda wa kusubiri kwenye dharura ukaendelea kuwa mbaya, hilo lazima lisemwe. Lakini pia liseme hili: Desemba 2022 manesi wa England waligoma, wa Uskoti hawakugoma, kwa sababu serikali ilikaa mezani ikaongea hela. Kwenye wizara ya afya hiyo ni kazi.

Kwa hiyo Februari 2023 Sturgeon alipotangaza kung'atuka, Humza alikuwa ameshapita mambo ya nje, Ulaya, usafiri, sheria na afya. Kwenye mdahalo mpinzani wake Kate Forbes akaligeuza hilo kuwa kombora, kwamba ulipokuwa usafiri treni zilichelewa, ulipokuwa sheria polisi walielemewa, na sasa afya foleni zimevunja rekodi. Lilimuuma kwa sababu lilikuwa na ukweli ndani yake. Kupita wizara nyingi ni uzoefu, na pia ni kuwa na kila wizara ya kukusuta. Alishinda kwa shida, asilimia 48.2 raundi ya kwanza, na kura za aliyeshika nafasi ya tatu, Ash Regan, zilipogawanywa akafika 52.1. Tarehe 28 Machi bunge likampa kura 71, SNP pamoja na chama cha Kijani. Ilikuwa Ramadhani, na moja ya picha za kwanza kutoka makazi rasmi, Bute House, ni yeye akiongoza sala na familia yake baada ya kufuturu.

Mwaka mmoja ule nitaupitia haraka. Wiki moja baada ya kuapishwa polisi walimkamata aliyekuwa mtendaji mkuu wa chama kwenye uchunguzi wa fedha za chama. Oktoba wakapoteza kiti cha Rutherglen kwa Labour. Oktoba hiyohiyo wakwe zake walikuwa wamekwama Gaza walikokwenda kumtembelea mama mzee, wakatoka mwanzoni mwa Novemba, na kwa wiki nne zile alikuwa anaendesha serikali huku hajui kama watu wake wako hai. Alikuwa miongoni mwa viongozi wa kwanza Uingereza kudai vita isimame. Hapo hata waliokuwa hawampendi walimheshimu.

Halafu Aprili 2024. Serikali ilikuwa inategemea makubaliano na chama cha Kijani, wabunge saba. Tarehe 18 serikali ikaachana na lengo la kupunguza hewa chafu kwa asilimia 75 ifikapo 2030, Kijani wakakasirika wakasema wataita wanachama wao wapige kura kuhusu makubaliano. Yeye badala ya kusubiri akawaita viongozi wao asubuhi ya tarehe 25 akavunja makubaliano mwenyewe. Ndani ya masaa machache wapinzani wakaleta hoja ya kutokuwa na imani naye na Kijani wakasema watamuunga mkono mleta hoja. SNP walikuwa na kura 63, upande wa pili 64, imebaki moja. Kura hiyo moja ya kumuokoa ilikuwa ya Ash Regan, yule yule aliyeshindwa naye 2023, ambaye alishahamia chama kingine. Tarehe 29 akatangaza kujiuzulu, na Mei John Swinney akachukua nafasi.

Hili mimi linanisumbua kitaaluma kwa sababu ni mtu aliyelelewa kwenye serikali ya wachache. Alianza kazi 2007, miaka minne ya Salmond ya viti 47, kila bajeti ilikuwa ya kubembeleza kura moja moja. Kama kuna mtu alitakiwa kujua kwamba huvunji ndoa kabla hujahesabu, ni yeye. Ninavyoona, alikuwa amezoea kuandaa kazi kwa ajili ya mkubwa anayefanya hesabu ya mwisho, na siku alipobaki yeye ndo mkubwa hakukuwa na mtu nyuma yake wa kumwambia subiri wiki moja. Desemba 2024 akatangaza hatagombea tena uchaguzi wa 2026, akiwa na miaka 39.

Sasa swali lako la mwisho, hela na sheria. Sheria sio lazima hata kidogo. Waliowahi kuongoza Uskoti tangu 1999: Dewar mwanasheria, McLeish alikuwa mchezaji wa mpira wa kulipwa kabla ya kuingia siasa, McConnell mwalimu wa hesabu, Salmond mchumi, Sturgeon mwanasheria, Yousaf na Swinney walisoma siasa. Hela binafsi nazo sio sharti kwa sababu matumizi ya kampeni yana kikomo kisheria na orodha ya kanda inabebwa na chama. Kinachotakiwa ni miaka ya kukaa ofisini kwa mtu mwingine ukifanya kazi isiyoonekana, na kuweza kuishi kwa mshahara mdogo wakati huo, jambo ambalo kijana aliyetoka nyumba yenye mhasibu analimudu kuliko mwenye wadogo watano wa kuwasomesha.

Kama unatafuta mada ya utafiti wa mwaka wa tatu, nakushauri uwachukue Humza Yousaf na Anas Sarwar. Mji mmoja, shule moja, wazazi wa jamii moja, wamepishana kama miaka miwili. Mmoja ni mtoto wa mhasibu, kaingia chama cha upinzani, kapanda kupitia ofisi ya mzee wa mabasi. Mwingine alikuwa daktari wa meno, baba yake ni yule Mohammad Sarwar mbunge wa 1997 ambaye baadaye akawa gavana wa Punjab kule Pakistan, na 2010 akachaguliwa Bunge la Uingereza kwenye jimbo la Glasgow aliloliacha baba. Kumbukumbu za mijadala ya Bunge la Uskoti ziko wazi bure kwenye mtandao tangu 1999, anza na hotuba za Bashir Ahmad za 2007 na 2008, ukikwama sehemu niandikie.